Walimkata mfalme kichwa. Na kisha?

Wandugu raia, vijana wenzetu,

Kila mara tukikaa kuzungumza juu ya wakubwa wenye hawataki kusikia raia, kuko mtu mmoja anasimama na kusema: «Waingereza walimkata mfalme wao kichwa, na tangu siku ile Bunge lao linaheshimiwa.» Watu wanapiga makofi. Na tuseme ukweli, wengine kati yetu tulishaisema ile sentensi sisi wenyewe, mbele ya kusoma historia yenyewe. Sasa tumeisoma, na tunaona iko na uongo mara mbili. Kichwa cha mfalme hakikuleta heshima ya Bunge. Na Bunge lenye lilishinda halikuwa Bunge la raia.

Tuanze na franga, juu mambo yote haya yalianza na franga.

Katika miaka ya 1600, mfalme wa Uingereza alikuwa na nguvu nyingi. Yeye njo alichagua mawaziri, yeye njo aliita Bunge, na yeye njo alilivunja siku yenye alitaka. Lakini hakuwa na jeshi la kudumu lenye kulipwa kila mwezi, na kule mikoani kazi ya serikali ilifanywa na matajiri wa mashamba bila mshahara. Tena desturi ya zamani ilisema kodi mpya haiwezi kukatwa bila Bunge kukubali. Kwa hiyo mfalme akitaka vita anahitaji franga, akitaka franga anahitaji Bunge, na Bunge likikutana, mbele ya kutoa franga linaweka malalamiko yake mezani. Mfalme James, wenye alitoka Scotland na kushika kiti cha Uingereza katika mwaka 1603, hakupenda ile desturi hata kidogo. Katika mwaka 1610 aliwaambia wabunge kwamba wafalme ni sawa miungu hapa duniani. Katika mwaka 1621 wabunge waliandika ndani ya kitabu chao kwamba kuzungumza juu ya mambo ya inchi ni haki yao ya kuzaliwa. James aliagiza kitabu kiletwe, akapasua ile karatasi kwa mikono yake mwenyewe. Karatasi ilipasuka, lakini maneno yalikuwa yameshasomwa.

Mtoto wake Charles alipokea ufalme katika mwaka 1625. Desturi ilikuwa kwamba mfalme mpya anapewa ushuru wa forodha kwa maisha yake yote. Safari hii Bunge la chini likasema: mwaka mmoja tu, kisha tutaona. Charles akaendelea kukamata ule ushuru bila ruhusa. Kisha akawalazimisha matajiri wamkopeshe franga, na wenye walikataa wakatupwa buloko. Watano kati yao wakaenda mbele ya waamuzi na kuuliza swali lenye kila mfungwa ataelewa: kosa letu ni gani? Wakajibiwa kwamba wako ndani kwa agizo la pekee la mfalme. Basi. Hakuna kosa lenye lilitajwa.

Katika mwaka 1628 Bunge likamfanya Charles akubali maandishi yenye yalisema mambo 4: hakuna kodi bila Bunge, hakuna kufunga mtu bila kutaja sababu, hakuna kuweka askari kulala na kula katika nyumba za raia, hakuna kutumia sheria ya kijeshi juu ya raia wakati wa amani. Mfalme akakubali. Watu wakapiga kengele, wakawasha mioto ya furaha barabarani. Mwaka wenye kufuata alitenda sawa vile hakuna kitu chenye kiliandikwa.

Tarehe 2 mwezi wa tatu 1629, raisi wa Bunge la chini, John Finch, akasimama kufunga kikao juu mfalme alimwagiza afunge. Wabunge wawili wakamkamata, wakamkalisha kwa nguvu kwenye kiti chake. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Mjumbe wa mfalme anagonga inje, ndani wanasoma maazimio haraka haraka: mtu wenye atashauri kodi bila Bunge ni adui wa inchi, hata mtu wenye atailipa kwa kupenda. Kisha wakafungua mlango. Bunge halikukutana tena kwa miaka 11. John Eliot, wenye aliandika yale maazimio, alikufa gerezani katika mwaka 1632. Mtoto wake akaomba apewe mwili wa baba ili amzike kwao. Mfalme akakataa: azikwe kule kule alikufia. Tunasimama kidogo hapa, juu mara mingi watu wanamchora Charles sawa mtu mpole, wenye kupenda picha na sala. Alipenda picha, ndiyo. Lakini alimnyima mtoto maiti ya baba yake.

Sasa tunafika kwa mtu wenye sisi tunampenda kupita wote katika historia hii, na hakukuwa jenerali.

Kulikuwa kodi ya zamani ya mashua za vita. Wakati wa hatari, miji ya pwani ilipaswa kutoa mashua ao franga za mashua. Katika mwaka 1634 Charles akaifufua, na katika mwaka 1635 akaipanua inchi mzima, hata kule watu hawajawahi kuona bahari. Hakukuwa vita. Mfalme akasema: kuko hatari, na mwenye kujua kama kuko hatari ni mimi peke yangu. Angalieni muzuri ile akili. Kama mkubwa njo anaamua peke yake wakati gani inchi iko katika hatari, na hatari inamruhusu kukata kodi, basi hatari haitaisha siku hata moja.

John Hampden alikuwa tajiri wa mashamba katika Buckinghamshire, mbali na bahari. Kwa shamba moja alidaiwa shilingi 20. Angeweza kulipa mara mia na asisikie kitu mfukoni. Alikataa kulipa, si juu ya shilingi 20, lakini juu ya swali: nani ana haki ya kuniomba? Kesi ikaenda mbele ya waamuzi 12, wenye waliwekwa na mfalme na wenye aliweza kuwafukuza. Ikachukua miezi, katika 1637 na 1638. Mfalme akashinda: waamuzi 7 upande wake, 5 upande wa Hampden.

Kwenye karatasi, Hampden alishindwa. Lakini hesabu ilienda inchi mzima: mfalme, na nguvu zake zote, alipata 7 kwa 5 mbele ya waamuzi wake mwenyewe! Watu wakaanza kuongea juu ya zile sababu sokoni na nyumbani. Wakusanyaji wakaanza kurudi mikono mitupu. Katika mwaka 1639 ile kodi ilianguka, na haikuangushwa na risasi. Kama kuko kitu cha kujifunza kwa Waingereza wale, sisi tunakiona hapa zaidi kuliko katika vita: mtu mmoja anakubali kushindwa hazarani, kwa sauti, na majina ya waamuzi yanaandikwa.

Mambo ya dini tunapita mbiyo. Charles alitaka kanisa lote lisali kwa namna moja. Katika mwaka 1637 wanaume watatu, Prynne, Burton na Bastwick, walikatwa masikio hazarani London juu ya vitabu vyao. Mwaka ule ule, kitabu kipya cha sala kilisomwa ndani ya kanisa Edinburgh, na watu wakarusha viti. Scotland ikasimama mzima, ikaunda jeshi, na mfalme hakukuwa na franga za kupigana nalo. Katika mwezi wa ine 1640 akaita Bunge, likakataa kutoa franga mbele ya malalamiko kusikilizwa, akalivunja kisha majuma matatu. Jeshi la Scotland likaingia, likakamata mji wa Newcastle, na likamlazimisha alilipe paundi 850 kila siku mpaka mapatano yaishe. Mfalme wenye hakutaka kuomba franga kwa raia wake, sasa anamlipa adui wake kila asubuhi. Hakubaki na njia. Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1640 Bunge lingine likakutana, lile lenye wanahistoria wanaita Bunge Refu.

Ndani ya mwaka mmoja lilifanya kazi kubwa. Tribinali ya mfalme yenye ilikata watu masikio, ikafungwa. Kodi ya mashua ikatangazwa kuwa kinyume cha sheria. Ikaandikwa kwamba miaka 3 isipite bila Bunge kukutana. Mshauri mkubwa wa mfalme, Strafford, akakatwa kichwa. Na katika mwezi wa tano 1641 wakapitisha sheria nyingine: Bunge hili halitavunjwa bila lenyewe kukubali. Wakati ule, kila mtu wenye kupenda haki alishangilia. Muikumbuke hii sheria.

Inje ya Bunge, nani alikuwa anasukuma? Vijana. London ilijaa vijana wenye kujifunza kazi kwa mabosi wa biashara na ufundi, mbali na wazazi wao, na wenye kusoma kila karatasi yenye inapita. Barua ya kudai maaskofu waondolewe, katika mwezi wa 12 mwaka 1640, ilibeba sahihi 15,000 hivi. Mwaka wenye kufuata, wale vijana walizunguka Bunge kwa makundi katika baridi ya mwisho wa mwaka, wakipiga kelele. Mmoja wenye alipita katika shule ile ya mabosi ni John Lilburne, tunamwita kijana kwa haki: alikuwa na miaka 23 hivi katika mwaka 1638 wakati alipigwa fimbo barabarani, amefungwa nyuma ya gari, toka gereza la Fleet mpaka Westminster, juu ya vitabu vyenye havikuwa na ruhusa. Alikataa kula kiapo cha kujibu maswali yenye yangemfunga yeye mwenyewe. Njiani alikuwa anahubiri. Akatoa vitabu mfukoni na kuvirushia watu, na wakamziba mdomo. Bunge Refu njo lilimtoa gerezani. Tutamkuta tena.

Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1642, Charles akafanya kosa lenye hakuna mfalme wa Uingereza amelirudia. Akaingia mwenyewe ndani ya Bunge la chini, na askari mia kazaa wakimngojea mlangoni, kukamata wabunge 5, kati yao Hampden na kiongozi wao John Pym. Walikuwa wameshaonywa, wameshapanda mashua mtoni na kukimbilia mjini. Mfalme akaangalia viti. Akamuuliza raisi wa Bunge, William Lenthall: wako wapi? Lenthall hakukuwa shujaa, kila mtu alimjua kuwa mwoga. Alipiga magoti. Lakini akiwa kwenye magoti akajibu kwamba yeye, mahali pale, hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila vile Bunge linamwagiza. Mwaka 1629 raisi wa Bunge alishikwa kwenye kiti ili asimtii mfalme. Miaka 13 kisha, mwingine anakataa yeye mwenyewe, na magoti yanatetemeka. Mfalme akatoka mikono mitupu, kisha siku chache akakimbia London. Aliirudia akiwa mfungwa.

Vita yenyewe hatutaisimulia. Ilianza katika mwezi wa nane 1642, ikachukua miaka 4, na Hampden aliuawa ndani yake katika 1643. Lakini kuko jambo moja lenye wanasahauka. Ili kulipa vita, Bunge lilikata kodi kubwa kupita ile ya mashua. Pym njo alileta kodi juu ya pombe na vitu vya kila siku, mpaka nyama na chumvi. Watu wenye walikataa shilingi 20 za mfalme sasa wanalipa zaidi, na safari hii hawawezi kusema Bunge halikukubali.

Katika 1647 mfalme amefungwa, vita imeisha, na askari wa Bunge wanadai mishahara ya miezi mingi. Bunge likataka kuwavunja na kuwarudisha nyumbani bila kuwalipa yote, ao kuwapeleka kupigana Ireland. Askari wakachagua wajumbe wao, kila kikosi na wake. Kisha wakaanza kuuliza maswali makubwa kupita mshahara. Tulipigania nini?

Tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1647, ndani ya kanisa la Putney karibu na mto Thames, wakubwa wa jeshi na wajumbe wa askari wakakaa pamoja kuzungumza juu ya katiba. Karani aliandika maneno yao, njo maana tunayajua. Wakati ule, katika mikoa, kura ilikuwa ya mwanaume mwenye shamba lenye kuzaa shilingi 40 kwa mwaka. Koloneli Thomas Rainsborough akasema kwamba mtu maskini kupita wote katika Uingereza naye iko na maisha ya kuishi sawa tajiri kupita wote, na kwa hiyo mtu hawezi kulazimishwa kutii serikali yenye hakuikubali mwenyewe. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, akamjibu: kura ni ya mtu mwenye mali yenye haihami inchini. Ukimpa asiye na kitu, atapiga kura kuchukua mali ya wengine. Na askari mmoja akauliza kwa uchungu: sisi wenye tuliweka maisha yetu, mwishowe tulikuwa watumwa wa kukodishwa tu?

Wandugu, huyu Ireton hakukuwa mtu wa mfalme. Alikuwa upande wa Bunge, tena baadaye alitia sahihi ya kumuua mfalme. Tunamtaja juu wengi wanafikiri kulikuwa pande mbili tu, mbaya na nzuri. Zilikuwa tatu, na upande wa tatu ulikula hasara kwa wote wawili.

Sasa kichwa. Bunge lilitaka kupatana na mfalme, jeshi halikutaka. Tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1648, koloneli Thomas Pride akasimama mlangoni pa Bunge na askari na orodha ya majina mkononi. Wewe ingia. Wewe rudi. Wewe kamatwa. Zaidi ya wabunge 40 walifungwa, na wengine zaidi ya mia hawakuruhusiwa kuingia. Charles alikuja na askari kukamata 5, akashindwa na akapoteza inchi. Pride alikuja na orodha ndefu kupita ile, na akafaulu. Kila mara mwenzetu anasema jeshi likuje lisafishe wanasiasa, sisi tunamwona Pride na karatasi yake.

Kipande cha Bunge chenye kilibaki njo kiliunda tribinali. Watu 135 walitajwa kuwa waamuzi, wengi hawakufika, na 59 tu walitia sahihi ya kifo. Raisi wa tribinali, John Bradshaw, alivaa kofia yenye chuma ndani juu ya woga wa risasi, na ile kofia ingali inahifadhiwa Oxford. Charles, wenye alifunga watu bila kutaja kosa, akauliza: kwa mamlaka gani mnanihukumu? Lilikuwa swali la haki, tunalisema hata kama hatumpendi. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1649 alivaa mashati mawili ili asitetemeke kwa baridi na watu wasifikiri ni woga. Akasema pale pale kwenye jukwaa kwamba uhuru wa raia ni kuwa na sheria na serikali, si kuwa na sehemu ndani ya serikali. Kisha wakamkata.

Miezi mitatu kisha, hiyo serikali mpya isiyo na mfalme ilifanya nini? Robert Lockyer, askari wa miaka 23, alipigwa risasi mbele ya kanisa kubwa la St Paul juu kikosi chake kilikataa kutoka London bila mshahara. Maelfu ya watu walimsindikiza kaburini, na vitambaa vya rangi ya kijani cha bahari. Lilburne na wenzake walikuwa tayari gerezani. Wanawake walikuja mpaka mlangoni pa Bunge na barua ya kudai waachiliwe, wakaambiwa mambo haya ni makubwa kupita akili yao, warudi nyumbani washugulikie kazi za jikoni. Katika mwezi wa tano, askari watatu walipigwa risasi kwenye uwanja wa kanisa la Burford na wenzao wakalazimishwa kuangalia toka juu ya paa. Upinzani ndani ya jeshi ukaisha. Jeshi likaenda Ireland, na mauaji ya Drogheda na Wexford katika mwaka ule ule yanakumbukwa kule mpaka leo.

Na ile sheria ya 1641? Kile kipande cha Bunge kilikatalia ndani yake. Haturuhusu mtu kutuvunja. Uchaguzi? Tutaona. Mwaka baada ya mwaka. Mpaka tarehe 20 mwezi wa ine 1653, Oliver Cromwell alikasirika, akaita askari ndani ya ukumbi na kuwafukuza wote. Wanasemaka hata mbwa hakubweka, na sisi tunaelewa kwa nini: nani angelilia wabunge wa miaka 12? Lakini kilichofuata ni mtu mmoja na jeshi lake. Cromwell alikataa taji katika 1657, lakini alitawala na nguvu nyingi kupita Charles. Alikufa 1658. Katika 1660 wenye inchi wenyewe wakamwita mtoto wa Charles arudi. Maiti ya Cromwell ikafukuliwa, ikatundikwa, kichwa kikawekwa kwenye mti juu ya Westminster. Basi, wenye kusema kichwa kilikatwa na mambo ikaisha, wachague: kichwa gani?

Heshima ya Bunge ilikuja miaka 40 kisha kifo cha Charles, bila mfalme kukatwa. James wa pili alikimbia katika 1688 wakati William alishuka na jeshi toka Uholanzi. Bunge lilimpa William kiti pamoja na masharti ya 1689: hakuna kodi bila Bunge, hakuna jeshi wakati wa amani bila Bunge, na maneno ya mbunge ndani ya kikao hayawezi kumpeleka mbele ya tribinali. Lakini mwaka 1628 mfalme alikubali masharti pia! Kitu gani ilibadilika? Safari hii Bunge lilimpa franga kwa kipimo. Ushuru wa forodha, wakampa kwa miaka 4. Sheria ya nizamu ya jeshi, wakaipitisha kwa muda mfupi, ili kila mara arudi kuiomba. Tangu 1689 Bunge la Uingereza limekutana kila mwaka, juu mfalme asipoliita hana franga wala jeshi. Ni kazi ya hesabu, haina ngoma.

Na tusisahau kusema uhuru ule ulikuwa wa nani. Biashara ya Waingereza ya kuuza Waafrika ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya mfalme, iliyopewa hati katika 1672, na James mwenyewe alikuwa kiongozi wake. Wafanyabiashara wengine wakalalamika: ukiritimba wa mfalme ni udikteta, tunataka uhuru. Bunge likawasikia. Katika 1698 likafungua biashara kwa kila mtu mwenye kulipa asilimia 10. Mashua zikazidi, na watu wenye kufungwa minyororo wakazidi, mpaka pwani ya Loango na Cabinda, kwenye mlango wa inchi yetu. Bunge lenye linasifiwa katika vitabu lilipunguza nguvu za mfalme, na babu zetu wakauzwa zaidi.

Katika 1694 ilipitishwa kwamba uchaguzi ufanyike kila miaka 3. Wabunge wa 1715 walichaguliwa chini ya sheria ile. Katika 1716 wakapiga kura wao wenyewe kipindi kiwe miaka 7, kuanzia na wao. Walisema uchaguzi unakula franga nyingi, tena hali ya usalama si nzuri. Wakabaki mpaka 1722. Hatuongezi neno hapa, tunajua mmeshaanza kucheka.

Kanisa la Putney lingali pale karibu na mto, na maneno ya Rainsborough yameandikwa ukutani. Yeye aliuawa na watu wa mfalme katika 1648, hakuona hata kile kichwa kikianguka. Mwanaume maskini wa Uingereza alipata kura katika 1918, na mwanamke akaipata sawa naye katika 1928.